Maji Nyuma ya Msafiri

Harufu ya vumbi lililomwagiwa maji hunipandisha hasira mpaka leo.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulipanga chumba Kitengela, mimi na wadogo zangu wawili. Wazazi walikuwa wametangulia, nami nikaacha shule darasa la saba ili niwafulie watu nguo. Jirani yetu alikuwa Mama Farid, aliyekimbia vita Afghanistan na mwanawe mmoja. Watu walimwita Mwarabu. "Mimi Mwafghani," aliwajibu kila mara, bila kuchoka, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.

Kwao, msafiri akishatoka mlangoni humwagiwa maji nyuma yake, ili aende salama na arudi. Kila Farid alipokwenda kazini Kajiado, mama yake alitoka na bakuli, akamwaga. Na maji yenyewe tuliletewa kwa mkokoteni wa punda! Tulimcheka: eti anapanda nini kwenye changarawe?

Mdogo wangu Wafula alipokwenda shule ya bweni, Mama Farid alimmwagia yeye pia. Wiki hiyo hiyo Wafula akaanguka kutoka kitanda cha juu, akavunjika mkono.

"Si niliwaambia!" akapiga kelele Mama Njeri wa chumba cha mwisho. "Huyo mama anaroga watoto!"

Mwenye ploti, aliyetupangisha vyumba, akatuita sote uani. Akanigeukia. "Wewe ndiye mkubwa wao. Alimmwagia ama hakummwagia?"

"Alimmwagia," nikasema, nikanyamaza. Maana ya maji yale niliijua. Alikuwa amenieleza tukinywa chai yake ya iliki. Lakini niliogopa tusije tukafukuzwa pamoja naye.

"Mama, sema tu utaacha, ukae," mwenye ploti akamwambia.

"Mtoto akienda, mimi namwaga."

Akaingia ndani kukunja mazulia yake. Na Mama Njeri, aliyeshangilia alipohama, alikuwa na chupa ya maji ya baraka juu ya kabati! Hayo hayakuwa uchawi.

Wakati ule nilidhani ni ukaidi tu. Nilielewa nikiwa mtu mzima: vita vilimnyang'anya nyumba, mume na majirani bila kumwuliza. Desturi ile haikuweza kuchukuliwa mpaka yeye mwenyewe akubali. Sisi ndio tuliomtaka akubali, akakataa. Na mimi niliyejua yote nilisema neno moja, la kweli kabisa, likamtoa nyumbani kwake.