Ng'ombe Walipoondoka na Moto

Nimepika kwa kuni tangu nikiwa msichana, na macho yangu yanajua. Basi wataalamu wa mradi walipofika kwetu Ringwani wakasema mavi ya ng'ombe yanawasha jiko, nilicheka. Kumbe hawakuwa na utani. Walichimba shimo nyuma ya zizi, wakalijengea, wakavuta mpira wa gesi mpaka jikoni. Wakatueleza habari za miti inayoisha, joto la dunia na mvua zinazotukimbia. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, kupika bila moshi.

Nikakipata. Asubuhi nakoroga mavi na maji, namimina shimoni; jioni nafungua koki, moto wa bluu huo. Kikohozi kilipungua. Nesi wa zahanati alinitazama macho akasema yanapona, ila nikirudi kwenye moshi nisije kumlilia. Majirani wakaniita Mama Gesi, na kichwa kikavimba kidogo, siwezi kukataa.

Lakini wale wataalamu waliwaona ng'ombe zizini wakaridhika. Hawakuuliza wanakwenda wapi. Kwetu Wakurya ng'ombe wa mahari hakai. Hawa walikuja kama mahari ya binti yetu, na mdogo wake wa kiume alishapata mchumba. Kila mtu alijua ndio watakaotolewa mahari yake. Hata mimi nilijua, ila raha ilinisahaulisha.

Siku zilipokaribia nilimwomba mume wangu angalau wawili wabaki. Hakukasirika. Alishusha pumzi tu.

"Mama watoto, mwanao akose mke ili wewe upike ugali?"

Mwanangu ni mwanangu. Walipowaswaga kwenda kwa wakwe nilipiga vigelegele na wenzangu, na jamani, sijawahi kuchoka kama siku ile.

Tukabaki na dume mzee na ndama. Moto ukawa wa kuchemshia chai, baadaye hata chai ikashindikana. Wataalamu walirudi, wakakagua, wakasema mtambo hauna kasoro, unataka mavi tu. Nikawashukuru. Nilikuwa sina nguvu za kubishana. Nikarudi kwenye mafiga, na kikohozi nacho kikarudi.

Mkwe wangu aliletwa baada ya mavuno. Binti mpole, ana heshima zake. Asubuhi ya kwanza aliingia jikoni, akapiga goti, shikamoo mama, kisha akaenda moja kwa moja kwenye lile jiko. Aliniambia huku anacheka kwamba kwao walishasikia kwetu watu hawapiki kwa moshi, na mama yake alifurahi sana. Akafungua koki, akawasha kiberiti, akangoja. Kikaungua mpaka karibu na vidole. Akawasha kingine.

"Mama, mbona haiwaki?"

Ningemwambiaje kwamba moto wenyewe uko kwao, kwenye zizi la baba yake? Nikachukua panga lililokuwa nyuma ya mlango nikampa. Mimi nikabeba kamba, tukaenda kutafuta kuni.