Balungi za Dani

Lornah wa Mamboleo, muuza samaki wa kukaanga, haogopi mtu. Wateja wasumbufu anawajua na askari wa kanjo wanaofukuza wachuuzi anawajua. Lakini yuko mtu mmoja ambaye hajawahi kumwambia hapana, naye ni Achola, mama mkwe wake wa Ahero.

Binti yake Sheryl ana figo mpya. Aliitoa Obonyo, baba yake, na tangu siku hiyo Obonyo hainui hata ndoo, ingawa kidonda kilishapona zamani. Kabla yake alikuwa amejitokeza Achola kutoa yake. Madaktari wakampima presha, wakaikuta juu, wakamshukuru, wakamwambia arudi nyumbani. Hilo lilimkaa rohoni. Basi kila Jumamosi akawa anakuja na gunia la balungi kutoka kwenye mti wake mwenyewe, akimkamulia mjukuu maji yake ateremshie vidonge vichungu.

Dawa zilimvimbisha Sheryl mashavu. Jirani walipita wakimsifu mama kwa kumnonesha mtoto, na Lornah alichoka kueleza, akawa anasema asante tu. Kisha mikono ya mtoto ikaanza kutetemeka. Kikombe cha chai kikagonga meno, na picha zake za boti, alizokuwa akizichora vizuri, zikawa kama zimechorwa juu ya mawimbi. Sheryl mwenyewe alicheka. Lornah hakucheka.

Kliniki, majibu ya damu yalionyesha kwamba ile dawa ya kuuzuia mwili usiikatae figo imejaa kupita kiasi.

"Na vidonge hamzidishi?" akauliza Daktari Nangila.

"Hapana, daktari."

"Anakula nini huko nyumbani?"

"Ugali. Samaki. Mboga."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine."

"Na balungi za Dani," akasema Sheryl, maana ndivyo anavyomwita bibi yake.

"Hiyo si chakula," Lornah akamnyamazisha. "Ni matunda tu."

Daktari akaweka kalamu chini. Chakula kwa Lornah, kama kwa majirani zake wote, ni ugali na kinachouteremsha. Vingine vyote ni vya kutafuna tu. Siku ya kutoka hospitalini walikuwa wameonywa juu ya balungi, lakini mama mwenye furaha husikia nusu. Nangila akaeleza upya: balungi huuzuia mwili kuimaliza dawa, ikabaki inarundikana. Ikiachwa hivyo, dawa inayoilinda figo ndiyo itakayoiharibu. Akapunguza kipimo kwa muda na kupanga damu ipimwe tena.

Lornah alitoka akiwa amemshika Sheryl mkono. Figo ile isingepatikana mara ya pili. Na dawa ya kuiokoa ilikuwa kumwambia Achola hapana.

"Mwambie wewe, ni mama yako," alimsihi mumewe.

"Kidonda kimeanza kuniuma," akasema Obonyo, akajilaza.

Jumamosi Achola akaingia, gunia kichwani. Lornah akampa chai, akamwongeza, akamuuliza habari za mpunga na za mafuriko, mpaka habari zikamwishia.

"Mama," akasema, "hizi balungi zinamuumiza Sheryl. Zinagombana na dawa."

Achola hakuinua macho. "Figo yangu walikataa. Sasa hata matunda yangu?"

Lornah alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa sauti ndogo namna hiyo. Machozi yakamtoka. Lakini hakurudi nyuma.

"Matunda, ndiyo, Mama. Lakini sauti yako naitaka. Dawa lazima imezwe saa ile ile, asubuhi na jioni. Kengele ya simu ikilia, Obonyo anazima, analala tena. Wewe ukiita, nani atalala?"

Achola akakiangalia kikombe. "Huyo Obonyo," akasema hatimaye, "hata akiwa mtoto nilikuwa namwamsha na maji."

Tangu hapo simu inalia kutoka Ahero kabla jogoo hajamaliza. "Sheryl, nyathina, mtoto wangu! Umemeza? Wacha nisikie!" Na hakati simu mpaka asikie maji yakiteremka. Balungi sasa anaziuza barabarani, na kila mnunuzi anaulizwa kwanza: "Hizo figo zako ni zako mwenyewe?" Wengine hukimbia.

Siku ya kipimo Achola naye alikuja kliniki. Kidonge cha asubuhi kilisubiri damu itolewe, na kucheleweshwa huko kulimkera sana. Majibu yalipotoka, dawa ilikuwa imerudi mahali pake na figo ilikuwa nzima. Sheryl alikuwa amekaa kwenye benchi akichora boti, nayo ilikuwa imetulia juu ya maji. Nangila akaanza kumpongeza Lornah.

"Ngoja, daktari," Achola akamkata, mkono juu. "Damu si mmechukua? Basi mtoto ameze kwanza."

Nangila akaleta maji. Sheryl akameza.

"Na huyu mama ni nani?" daktari akamnong'oneza Lornah.

Achola alikuwa amesikia. Akakiweka sawa kitambaa chake kichwani.

"Figo ni ya mwanangu," akasema. "Saa ndiyo yangu."