Kibanja Ndani ya Kompyuta

Duka la Ephrasia pale Bakoba lina meza moja, printa mbili ambazo moja siku hizi ni ya kuwekea kikombe cha chai, na kompyuta ambayo mgeni akiitazama hupatwa na kizunguzungu. Ephrasia huchapa barua, huskani vyeti, hupiga picha za pasipoti, hutengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi. Kazi zote hizo zimekaa nje, usoni mwa kompyuta. Folda za njano zimetapakaa kioo kizima kama mahindi yaliyoanikwa, na hakuna hata moja aliyoipa jina. Kompyuta yenyewe ndiyo huzibatiza: Folda Mpya, Folda Mpya ya pili, ya tatu, na kuendelea.

Usimcheke bado. Nyuma ya folda hizo kuna picha. Mumewe, Buberwa, aliipiga akiwa kilimani nyuma ya kwao Kishanda, kule Muleba. Inaonekana nyumba ya bati na baraza yake, jiko la nje, zizi, kibanja chote na migomba na mibuni yake, njia inayoshuka barabarani, na pembeni makaburi ya ukoo yenye misalaba ya saruji. Ephrasia hupanga kazi zake juu ya picha hiyo kila kitu mahali pake. Harusi ziko mlangoni pa nyumba, kwa sababu bibi harusi huingilia mlangoni. Mambo ya shule yako njiani. Ya ushirika wa kahawa yako kwenye mibuni, kesi za ardhi ziko mpakani, na ya kanisa yako juu ya paa, karibu na mbingu. Mazishi, bila shaka, yako makaburini. Mteja akiingia anasema shida yake, na mkono wa Ephrasia unakwenda wenyewe bila kupotea.

Lakini kuna wanaume wawili walioteseka kwa ajili ya kompyuta hiyo kuliko mwenyewe. Mmoja ni Anwari, jirani yake wa mlango wa pili, muuza chaja na fundi wa simu. Wa pili ni Mwalimu Gamaliel wa sekondari, ambaye huleta mitihani yake ichapwe, na akishafika haondoki.

"Mama Vestina," mwalimu alikuwa akimwambia Ephrasia, "kuna programu nzuri sana ya kufungulia vitu. Unabonyeza vitufe viwili tu, kinatokea kisanduku katikati ya kioo. Unaandika herufi mbili tatu, kitu unachokitaka kinakuja mbio. Basi! Huhitaji kurundika vitu nje kama umehamishwa na mafuriko."

"Kisanduku!" Anwari alidakia. "Mwalimu, wewe kila kitu unataka mtihani, mtu aandike jibu. Mwenzako anahitaji ukanda. Unakaa chini ya kioo, vitu anavyovitumia kila siku vimejipanga mstari. Ukipitisha kipanya juu ya kitu, kitu hicho kinavimba kidogo kama kinakuamkia. Ukimaliza, ukanda unajificha."

"Huo ni urembo. Unakula nguvu ya kompyuta bure."

"Na hicho kisanduku chako kinakula nguvu ya kichwa."

Walibishana hivyo utadhani Simba na Yanga, huku wateja wakisubiri picha zao. Ephrasia, ili apate amani, akakubali kujaribu kila kitu.

Alianza na kisanduku cha mwalimu. Akaandika "harusi", kisanduku kikakaa kimya. Akaandika "kahawa", kikamletea mchezo wa karata. Mwalimu akaeleza kwa upole kwamba kisanduku hakina kosa, ila folda lazima ziwe na majina.

"Mwalimu," Ephrasia akamwambia, "mimi watu siwajui kwa majina, nawajua kwa kwao. Hata wewe, nisingejua ni wa Ijuganyondo, ningekusahau."

Kisha Anwari akamwekea programu nyingine, ambayo ukibonyeza kipanya, vitu vinatokea vikikizunguka kama watu wanaotazama ajali. Ephrasia aliivumilia siku moja akaomba iondolewe, maana alikuwa akijisikia amekamatwa. Mwishowe ukaja ukanda, na hapo, tuseme kweli, akanogewa. Ulikuwa mzuri. Ikoni ya printa ilivimba, ikoni ya picha ikavimba, na yeye akawa anapitisha kipanya huku na huku hata asipokuwa na kazi. Anwari alifurahi mno akafanya na la ziada: akabonyeza mahali, folda zote zikafichika. Kibanja cha Kishanda kikabaki kitupu na kijani, kana kwamba watu wote wameenda misani.

"Zipo?" Ephrasia aliuliza.

"Zipo palepale, zimefichwa tu. Ile unayoihitaji sana nimekuwekea njia yake ya mkato hapa mwisho wa ukanda."

Ile anayoihitaji sana ilikuwa ya jubilei. Mama mkwe wake, Ma Klaudia, na mumewe Ta Avit walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na sherehe ilikuwa Jumamosi, Kishanda. Picha yao ya harusi ilikuwa moja tu duniani. Ephrasia aliichukua ikiwa imechanika, akaiskani na kuiziba mashimo kwenye kompyuta kwa subira kubwa. Vizuri alivyofanya, kwa sababu ile ya karatasi aliporudishiwa Ma Klaudia, mchwa waliimalizia. Sasa mama mkwe alikuwa akingoja kujiona tena akiwa bibi harusi, na alikuwa amewatangazia majirani wote. Kwa upande wake Ephrasia alikuwa na lake la kuogopa. Tangu aolewe, Ma Klaudia humwita "mukamwana wa mjini", na hilo halikuwa jina la sifa. Mukamwana wa mjini huchelewa. Mukamwana wa mjini huja na keki badala ya ndizi. Jumamosi hii Ephrasia alikuwa ameapa kufika na picha, jina hilo lizikwe.

Ijumaa jioni akachomeka flashi, akaishika folda ya jubilei pale mwisho wa ukanda, akaivuta mpaka kwenye flashi. Ikaingia mara moja, bila hata kumsubirisha. Angejiuliza hapo. Picha zote zile, kuingia kwa kufumba na kufumbua! Lakini mtu aliyenogewa hajiulizi. Akamwachia Anwari ufunguo wa duka, akaenda zake Muleba.

Jumamosi, misa ikaisha, watu wakala matoke na nyama, wazee wakanywa rubisi, mshereheshaji akatandika shuka jeupe ukutani na kuwasha projekta. Ma Klaudia alikaa kwenye kiti cha mbele, kitambaa kichwani kimesimama kama mnara. Flashi ikachomekwa. Folda ikaonekana, ina kimshale kidogo pembeni. Ikabonyezwa. Kompyuta ikasema kitu hicho hakipo.

Ikabonyezwa tena, kwa nguvu zaidi, kama vile kompyuta ni kiziwi. Hakipo. Ephrasia alikuwa amebeba njia ya kwenda nyumbani, nyumba yenyewe ameiacha Bakoba.

Kishanda pale mtandao hushika sehemu moja tu, penye tangi la maji, na tangi liko hatua chache kutoka kiti cha Ma Klaudia. Halafu simu ya Ephrasia ilishakufa spika ya sikioni. Ukipiga, dunia nzima inasikia. Akapiga hivyohivyo.

"Anwari, fungua duka langu. Picha haikuja, imekuja njia ya mkato."

"Lo! Uliivuta kutoka kwenye ukanda?" Sauti ya Anwari ilijaa uwanja. "Ukiivuta inatoka kabisa, dada yangu. Hapa mwisho pana pengo. Sasa folda yenyewe ni ipi?"

Hapo ndipo Ephrasia alipokwama. Haikuwa kwamba hajui. Aliijua folda hiyo ilipo kama anavyojua mdomo wake. Ila hakuweza kupasema.

Mwaka jana, Kwaresima, Ma Klaudia alilazwa akiwa hoi, mpaka ndugu wakaitwa. Ephrasia, dukani peke yake, machozi yakimtoka, aliona habari mbaya ikifika hataweza kutafuta kitu. Basi akaivuta folda ya mama mkwe kutoka barazani ilipokuwa, akaiweka tayari makaburini, mwisho wa misalaba. Ma Klaudia akapona. Baada ya wiki chache alikuwa shambani akiwafokea vibarua. Folda haikurudi. Kila Ephrasia alipoikumbuka mteja aliingia, na picha ya harusi nayo ikaenda kuhifadhiwa hukohuko.

"Tafuta kwa kile kisanduku cha mwalimu," Ephrasia akasema.

"Nimeandika. Zimekuja Folda Mpya, zote! Ni namba ngapi?"

"Sikumbuki. Rudisha zilizofichwa, uzifungue mojamoja."

"Zimerudi. Mama yangu! Zimefurika kama watu waliosikia nyama imeiva. Nifungue ya kwanza? Ngoja... hii ni barua ya mtu anayetaka kumpa mkewe talaka, mtu mwenyewe ni wa—"

"Funga!" walipiga kelele watu watatu waliokaa nyuma.

Mshereheshaji akatazama saa. Ma Klaudia akainuka, akaja penye tangi, akampokonya mukamwana wake simu.

"Kijana, hujambo? Ni Klaudia. Unaona nini hapo?"

"Shikamoo bibi. Naona shamba."

"Shamba la nani?"

"Lina nyumba ya bati na jiko la nje, na folda zimekaa juu ya kila kitu. Kuna ng'ombe mmoja, au ni jiwe."

Ma Klaudia akageuka akalitazama zizi lake. Uso ukamkunjuka. "Ni ng'ombe. Hapo ni kwangu. Kumbe mukamwana anafanyia kazi kwangu! Sasa twende polepole, mimi natembea huku, wewe tembea huko. Harusi kaziweka wapi?"

"Mama," Ephrasia akasema, "tuache tu, picha nitaileta kesho."

"Kesho ni ya mjini. Kijana, bibi harusi huingilia mlangoni, na mimi nipo mlangoni."

"Na mimi nipo mlangoni, bibi. Naona harusi nyingi, yako haimo."

Wakaenda kwenye mibuni. Akatangulia Ma Klaudia na simu, gauni la jubilei kalishika mkononi. Mtandao, sijui kwa maombi ya nani, ukamfuata. Nyuma yake wakaja wajukuu, majirani, mwishowe na mshereheshaji na kipaza sauti chake. Kwenye mibuni kulikuwa na ushirika. Mpakani kulikuwa na kesi, na wenye kesi wawili waliokuwa wamekaa meza moja wakaacha kutazamana. Zizini palikuwa patupu. Ephrasia alikuwa nyuma kabisa, anaomba ardhi ipasuke immeze.

"Bado wapi?" Ma Klaudia akauliza.

"Bado makaburini tu, bibi. Lakini huko kuna mazishi."

"Pita na huko, wafu hawang'ati."

Kipanya kilisikika kikibonyezwa kutoka Bakoba mpaka Kishanda.

"Nimeipata!" Anwari akapiga kelele kwa furaha ya mtu asiyejua anachokisema. "Iko mwisho wa misalaba! Bibi, umo humu, wewe na mzee! Mmependeza!"

Ma Klaudia alikuwa amesimama palepale, mwisho wa misalaba, kwenye nyasi zilizofyekwa vizuri ambazo bado hazijachimbwa. Akazitazama. Kisha akamtazama mukamwana wake.

"Tangu lini niko huku?"

"Tangu ulipolazwa, Mama." Ephrasia alikuwa akilia waziwazi, aibu na kile kilio cha mwaka jana vikitoka pamoja. "Niliogopa. Nilijua habari ikija sitaona kitu kwa machozi. Halafu ukapona, nikasahau kukutoa."

"Ulilia?"

"Nililia mpaka nikafunga duka."

Ma Klaudia akavuta pumzi, akarudisha simu mdomoni.

"Kijana, nitoe huku. Lakini usinirushe. Mimi ni mtu mzima, nipeleke taratibu."

"Sawa bibi, nimekushika. Tunaelekea wapi?"

"Pita kushoto kwa zizi, usikanyage maharage. Kata kwenye mibuni. Sasa panda baraza. Kuna kiti, unakiona?"

"Nakiona."

"Niweke hapo." Yeye mwenyewe alikuwa ameshafika, akaketi kitini akitweta. Hapo ndipo kicheko kilipolipuka, na aliyecheka wa kwanza ni yeye, mpaka kitambaa cha kichwani kikaanguka.

Picha ikatumwa, ikafika, ikamulikwa kwenye shuka. Binti mwembamba wa gauni la kuazima alikuwa amesimama kando ya kijana mwenye masikio makubwa, hajui aweke wapi mikono. Ta Avit akavua kofia. Ma Klaudia alimvuta Ephrasia akae naye pale pale barazani, akamshika kiganja, akaendelea kutazama.

"Mukamwana wangu," akasema baadaye, kwa sauti ya watu wawili tu, na la mjini hakulitia. "Siku yenyewe itafika. Usimtume Anwari. Uje unihamishe wewe, kwa mkono wako. Mahali unapajua."

Jumatatu Anwari alipopita dukani aliukuta ukanda wake upo chini ya kioo, unavimba kama kawaida, lakini folda zote zimerudi nje. Akainama kutazama barazani. Kwenye kiti palikuwa na folda moja, na hiyo, peke yake kati ya zote, ilikuwa na jina. Ephrasia alikuwa ameandika: Mama, mzima.