Kamba ya Mashua na Kamba ya Ng'ombe

Nilitoka Kyela juu ya lori la mchele. Tulipita Chunya, tukaingia pori la Rungwa ambako redio ya dereva haikushika chochote, na vumbi la Itigi likatupaka rangi moja, mimi na magunia. Mkiwa nilishuka, nikanywa chai, nikapanda basi la Singida mjini kupitia Ikungi. Sikuwa na ninayemfuata. Nilisikia tu kwamba Singida kuna ziwa, na mimi mbali na maji silali vizuri.

Mzee aliyenipa kazi hakuwa mvuvi. Alilima uwele na alizeti, na mwaka ule alikuwa amebadilisha maksai wake wote wawili kwa mashua kuukuu. Majirani walicheka. Maksai hulima, walisema, mashua hunywa maji tu. Ikivunjika, mvua zingemkuta hana mashua wala wa kukokota jembe. Kuogelea hakujua. Mimi nilishika usukani na kamba ya tanga, yeye akakaa katikati ameng'ang'ania kingo zote mbili, akinionyesha miamba kwa kidevu.

Tulitweka tanga mpaka mwisho wa kiangazi. Miezi ile upepo wa Singida unatoka mashariki mchana kutwa, unaweza kuutegemea. Kisha ukaanza kukatika. Asubuhi kimya, alasiri unavuma kutoka upande tusiouzoea, na mawingu yanarundikana juu ya mawe ya ng'ambo. Nikamwambia mzee msimu umekwisha, tuiandae mashua.

Tulishusha tanga na mlingoti, tukavipeleka nyumbani kwake. Nyufa niliziba kwa pamba na mafuta mazito. Kuivuta nchi kavu haikuwezekana, ufukwe ule ni mawe matupu, kwa hiyo niliiacha kwenye maji ya kiunoni, nimeifunga puani kwa kamba ndefu iliyoshikwa na nanga. Kesho yake nikaikuta imevutwa hadi ukingoni mwa maji, imefungwa fupi kwenye mwamba kama ng'ombe wa kukamuliwa. Nikairudisha. Kesho yake tena, fupi.

Mzee hakuficha. "Kamba ndefu inapoteza mnyama," alisema. "Anajizungusha anajinyonga, au anaingia kwenye uwele wa mtu."

"Mashua si ng'ombe, mzee."

"Ndiyo maana watu wa Nyasa mnakuja mpaka huku kutafuta mashua. Zenu zilitembea zikapotea."

Nikamuuliza: ng'ombe akifungwa kamba fupi mtoni, mafuriko yakaja, inakuwaje? Alivuta ugoro, akapiga chafya.

"Ifunge unavyojua," alisema mwishowe. "Ila ikivunjika, nira utavaa wewe."

Niliifunga ndefu. Dhoruba ilikuja mchana. Tulisimama chini ya bati la wauza samaki. Mawimbi yaliyapiga mawe mahali pale pale mzee alipokuwa ameifunga. Mashua ilirudi nyuma mpaka kamba ikakaza, ikayumba, halafu ikageuza pua kuelekea kunakotoka upepo, ikatulia hapo ikipanda na kushuka. Mzee hakupepesa macho.

"Ng'ombe huipa mvua mgongo," alisema. "Hii inaipa uso."

Ilipokwisha tuliikuta imejaa maji nusu, lakini nzima.

Tangu siku hiyo hakutaka niiguse kamba. Aliifunga mwenyewe, akaijaribu, akafungua, akafunga upya, mimi nimekaa juu ya jiwe sina kazi. Kiangazi cha pili alishika usukani, mimi nikakaa katikati. Mvua zilipokaribia tena nilikuwa nimeanza kuuliza malori yanaelekea wapi. Mkewe alinifungia ugali wa uwele, akasema alishajua.

Siku ya kuondoka kabisa, nilimwambia wa bodaboda apitie ziwani. Mawingu yalikuwa yameshaanza. Mzee alikuwa majini hadi kiunoni, anaongeza kamba, ndefu kuliko niliyowahi kufunga mimi. Fundo alilotumia ni lile la kufungia ng'ombe. Sikumsahihisha, linashika vizuri tu. Nilimwamkia kutoka ufukweni. Aliitikia marahaba bila kugeuka, kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi.