Puto la Wanga wa Muhogo

Walimwita Puto, na jina likamkaa. Kwenye kiwanda cha mifuko ya plastiki hakuna aliyemfikia kwa kusimamisha puto. Punje za plastiki ziliyeyushwa ndani ya mashine, zikatokea juu kwenye tundu la mviringo, upepo ukapulizwa katikati, na plastiki ile ya moto ikavimba na kupanda kama nguzo ya kioo. Karibu na paa rola mbili ziliibana ikawa bapa, tayari kukatwa mifuko. Puto likiyumba, mfuko hutoka mnene huku, mwembamba kule. Likipasuka, mnaanza upya.

Kulianzisha puto si kazi ya mtu mmoja. Yeye alikuwa chini, na juu kwenye jukwaa la chuma alikuwa rafiki yake, mrefu aliyekonda, ambaye kiwanda kizima kilimwita Msumari. Mashine zilinguruma kiasi cha kutomsikia hata aliye begani kwako, kwa hiyo hao wawili walizungumza kwa nyusi. Puto alisukuma plastiki juu kwa glavu, Msumari akainama, akaidaka na kuipitisha kwenye rola. Mchana walikaa juu ya magunia ya punje wakiteta kuhusu mpira, wakwe na meneja.

"Shemeji alipokubali kuolewa na wewe," Msumari alipenda kusema, "aliambiwa una kiwanda. Hakuambiwa ni cha nani."

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, Puto hakuweza kusema ameonewa. Aliishi bondeni, na kila mvua kubwa iliponyesha mtaro wa nyuma ya nyumba uliziba, maji yakaingia sebuleni. Alipoingiza koleo kuuzibua, lilitoka na mifuko, na mingine aliijua: ule mstari wa bluu ukingoni ulikuwa wa mashine yake.

"Baba watoto," mkewe alimwambia kutoka mlangoni, ufagio mkononi, "kazi yako imekufuata nyumbani."

Alicheka kidogo, akaendelea kuchota tope.

Kiwanda kikafungwa. Msumari akavuka mpaka kwenda kutafuta kazi ileile. Mwanzoni alipiga simu akiwa zamu, na Puto alimwomba asogeze simu karibu na mashine. Alisikiliza ule mngurumo huku amefumba macho, mpaka mkewe akamuuliza anaongea na nani. Baadaye simu zikapungua. Siku moja Puto alipopiga, akapokea mwanamke asiyemfahamu. Akamwambia kwa upole kwamba namba hiyo sasa ni yake, ameinunua dukani.

Puto akawa mlinzi kwenye ghala la saruji. Kazi haikuwa mbaya, ila alishinda kwenye kiti akitazama juu, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Alikitamani kitu alichojua hakifai kurudi. Angeanzaje kumwambia jirani aliyetoka kuzibua mtaro kwamba anaikumbuka mifuko?

Akiwa hapo getini, akafuatwa na mhandisi mmoja mwanamke. Alikuwa amenunua mashine moja ya kile kiwanda, akitaka kutengeneza mifuko kwa wanga wa muhogo uliochanganywa na malighafi inayooza ardhini.

"Nimeambiwa wewe unaielewa ile mashine," alisema.

"Nilielewana nayo kwa plastiki, dada. Muhogo mimi tunajuana mezani tu."

Hata hivyo akaenda. Siku za kwanza karakana ilinuka uji ulioungua. Puto lilifika kiunoni, likatoboka, likaanguka kama kitambaa kilicholowa. Mhandisi alipima, akasoma, akagundua kwamba punje zinanyonya unyevu hewani. Akazikausha, akapunguza moto. Jukwaani alipanda yeye mwenyewe. Wakati mmoja Puto alisahau, akainua nyusi.

"Unasemaje?" Mhandisi alipaza sauti kutoka juu.

"Hakuna kitu. Nimezoea vibaya."

Asubuhi moja puto likasimama. Halikuwa na mng'ao wa kioo. Lilikuwa na ukungu, kama maji ya kuoshea mchele, lakini lilipanda bila kuyumba hadi kwenye rola. Mhandisi akacheka peke yake huko juu huku akijifuta macho. Puto akageuka upande mmoja, kisha upande wa pili, glavu zikiwa bado hewani, kama mtu anayemtafuta mwenzake kwenye umati. Karakanani hakukuwa na mwingine.

Furaha haikudumu. Muuza nyanya aliyepewa mifuko ya kwanza aliirudisha. Nyanya zake zilikuwa zimeoshwa, maji yakalainisha mfuko, mzigo ukamwagika njiani.

"Fundi, mfuko wako una aibu," alisema. "Ukiguswa na maji tu, unakimbia."

Mhandisi akaikusanya mifuko iliyobaki, akairundika kwenye kona ya karakana. Shangazi yake, aliyekuwa na kitalu cha miche, ndiye aliyeomba ile mifuko iliyokataliwa. Wateja wake walikuwa wanapanda miti bila kuvua viriba vya plastiki, vile vifuko vya kukuzia miche. Mizizi ikajizungusha humo humo, mti ukafa. Baada ya kuvijaribu vile vya muhogo akarudi na malalamiko.

"Mimi nataka kioze, lakini chenu kinaoza mche ukiwa bado kwangu. Kifundisheni subira."

Wakakiongeza unene, wakabadilisha mchanganyiko, wakakosea tena na tena, hadi kikavumilia. Mvua zilizofuata, shangazi alimpeleka Puto kwa mteja mmoja, akafukua pembeni mwa mche. Mizizi ilikuwa imepenya pande zote. Kiriba kilibaki vipande laini, na Puto alipokishika kikasagika vidoleni kikawa udongo.

Mifuko ya nyanya bado haijapatikana. Mhandisi anaendelea kujaribu. Puto naye huwasimamisha madereva wa malori wanaovuka mpaka, akawapa kiriba kimoja na ujumbe: wakimkuta mtu mrefu aliyekonda kwenye kiwanda cha mifuko, wamwambie huku kuna mashine na jukwaani pana nafasi. Hakuna aliyerudi na jibu.

"Kazi umepata, na mtaro hauzibi kwa sababu yako tena," mkewe alimwambia jioni moja wakichagua mchele. "Hufurahi?"

"Nafurahi, mama watoto," alisema. "Ila nataka nifurahi na mtu aliyekuwepo."

Mkewe akamsogezea ungo, wakaendelea kuchagua mawe.