Njahi za Khavere Juu ya Meko ya Watiri

Khavere alifika Giakanja akiwa mke wa polisi, wametoka Vihiga, mbali magharibi. Mume alipofariki, wengi walidhani atafunga virago arudi kwao. Hakurudi. Alikodi chumba kimoja na kipande cha shamba, akawa anachuma kahawa za watu na kumlea binti yake, Sylvia.

Kwenye kile kipande alipanda njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe. Huku njahi hazipikwi ovyo, ni chakula cha mzazi na cha mgeni wa heshima. Lakini mbegu yake isipopata moshi, wadudu huimaliza, na mwenye nyumba wa Khavere hakutaka kuni, ati zitachafua ukuta. Kwa hivyo kila baada ya mavuno Khavere alitia mbegu kwenye kibuyu, akaziba mdomo kwa majivu yaliyoloweshwa kidogo, akakitundika juu ya meko ya jirani yake Watiri, Mama Munene. Hawakuwahi kuulizana. Utamuuliza nini mtu aliyelala kwako wiki nzima ulipofiwa?

Basi msimu huu mvua za vuli zikakataa. Kufikia Februari, jioni ni ugali na sukuma wiki, siku nyingine uji wa chumvi. Nesi wa zahanati alimtazama Sylvia akatikisa kichwa.

"Huyu anataka maharagwe, mama."

"Si tuko na njahi kwa Mama Munene?" Sylvia akasema njiani.

"Hizo ni za kupanda. Tukizila leo, Julai tutakula nini?"

Lakini kila walipopita kwa Watiri, mtoto alikitazama kile kibuyu.

Machi, wakaja wageni kumposa binti wa Watiri. Khavere alichota maji, akasugua sufuria, akapakua. Kulikuwa na njahi zilizopondwa na ndizi mbivu. Akapewa sahani imejaa, naye akamwekea Sylvia nusu.

"Mama Munene, na njaa hii, tamu hivi umetoa wapi?"

"Kula, Mama Sylvia! Kwani wewe ndiye polisi? Hata marehemu hakuwa na maswali hivyo!"

Wanawake wakaangua kicheko. Khavere naye akacheka.

Wiki iliyofuata mvua ikashuka. Shamba lilikuwa limeshalimwa, mistari imechorwa. Khavere akakimbia kwa Watiri, akapanda kigoda, akakishusha kibuyu. Kilikuwa chepesi. Majivu ya mdomoni yalikuwa mapya, yameziba vizuri kabisa.

"Nilikuwa nikuambie," Watiri akasema, akichochea moto. "Wageni walikuwa njiani na mimi sina kitu. Ningewapa sukuma? Wangenionaje? Nitakurudishia zikiiva."

"Zikiiva za nani?"

Watiri akaongeza ukuni.

"Si ungeniomba, Mama Munene."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Mtoto wangu mwenyewe nilimkatalia."

Watiri akainua uso. "Na si wewe pia ulikula? Ukasema ni tamu."

Khavere akatoka na kibuyu chake, mvua ikimpiga. Majirani walikuwa wameinama mashambani, wanapanda, wanaitana kwa furaha. Sylvia alimwona kwa mbali, akaja mbio, akakinga viganja.

"Tunaanzia mstari gani, mum?"

Khavere akakizibua kibuyu, akakipindua. Majivu matupu yakamwangukia mtoto mikononi, mvua ikayalowesha.