Bwawa la Chawia Lililokatazwa Uchafu

Majitaka ya ploti yetu ya Kaloleni, hapa Voi, hupita mbele ya mlango wangu, si wa mtu mwingine. Ndiyo maana wapangaji walipotaka mtu wa kwenda kuona watu wa Chawia wanavyosafisha yao, wote walinigeukia mimi. Nikaenda na hasira zangu.

Asubuhi, Mwatate. Hapo njia ya Chawia huanza kupanda. Mvua ilikuwa imenyesha, pikipiki ikakataa kilima, mimi na dereva tukaisukuma. Nilifika juu nikiwa na matope hadi magotini.

Chawia, karibu na adhuhuri. Nilipokewa na Mama Wakesho, mtunza bwawa, mama mwenye sauti ya kufukuza nyani shambani. Akanionyesha bwawa lenyewe: shimo pana lililojazwa kokoto na kupandwa matete, na mabomba yakishuka humo kutoka kila jikoni. Maji machafu hupita kwenye mizizi, yakasafika, ndipo yakaingia kijitoni. Pembeni wamepanda maua. Langoni nikaambiwa nivue viatu.

"Kwa nini?"

"Utalichafua."

Nikadhani ni mzaha. Lakini matete yalikuwa yamenyauka, kokoto ni kavu, na kila bomba limezibwa kwa tambara.

"Kwani maji yako wapi?"

Mama Wakesho akashusha pumzi. "Siku ya kulifungua, Mchungaji aliliombea. Sasa nani atamwaga maji ya sufuria mahali pameombewa? Watu wanabeba na ndoo, wanamwaga kule kijitoni."

"Na kijito kinaenda wapi?"

"Kwangu. Mimi nakaa huko chini, ndiyo maji tunakunywa. Mjukuu wangu anahara wiki yote hii."

Nilikasirika hadi nikasahau baridi. Mtoto anaugua ili bwawa la uchafu libaki safi!

"Anza wewe," akasema, akinisukumia karai la maji ya vyombo. "Wewe ni mgeni. Kama ni laana, utashuka nayo Voi."

Majirani wakajaa langoni. Nikaosha miguu yangu kwa sabuni, nikabeba karai hadi kwenye kokoto. Mzee mmoja akavua kofia. Nikamwaga. Watu wakatazama mbinguni, kisha wakanitazama mimi.

Wakati huo Mchungaji mwenyewe akatokea njiani na ndoo ya maji ya kufulia, akielekea kijitoni.

"Mchungaji!" Mama Wakesho akapaza sauti. "Hata wewe?"

Akasimama, akatutazama kwa zamu. "Niliona hakuna mtu anamwaga, nikajua mmeweka nadhiri. Nami nikaiheshimu."

"Mjukuu wangu anakunywa hiyo nadhiri!"

Mchungaji akaweka ndoo chini. Akavua viatu, akaingia, akaimwaga ndoo yote kwenye matete. Nilisema amina kwa moyo wangu wote. Watu wakakimbilia matambara, wakayachomoa, mabomba yakakohoa, na maji ya maharagwe ya Chawia nzima yakaingia bwawani.

Alasiri nikateremka na miche ya matete ndani ya gunia.

Siku chache baadaye Mama Wakesho akanipigia simu: mtoto amepona, anamaliza ugali wake na wa bibi yake.

Nasi Kaloleni tumeshaanza kuchimba. Jana jirani yangu alishauri tumwite mchungaji siku ya kufungua. Nikamwambia aje, karibu sana, lakini asiingie langoni kama hana ndoo ya maji machafu.